Biunzi Munane ya Ngoie

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa saba

Kolwezi iko na shaba, iko na kobalti, na iko na mi. Mbele yangu bantu ya huku balikuwa banakimbia tu kama mbuzi. Kuruka nilibaletea mi.

Saa kumi na mbili asubuhi, kiwanja ya parokia. Nimepanga biunzi, nimepiga filimbi. Ngoie, mutoto wa dada yangu, ametoka Ulaya siku kumi na ine kuona mama yake. Kisha mashindano ya Afrika. Mita mia moya ya kuruka biunzi, na mia mbili ya kukimbia bila kuruka. Hapa kwetu biunzi hakuna, nimemuungia munane na mabomba ya zamani. Mi ni sudere. Chuma ikiungana mu hii muji, mukono yangu ilipita pale.

Metre yangu ya kupimia ilikatikaga mbele, inaanzia sentimita kumi. Miaka kenda nafanya nayo kazi, naongeza kumi tu. Lakini kwa Ngoie niliazima metre mupya ya jirani, Tata Kalenga. Ilikuwa ingali mu plastiki.

Alhamisi, tarehe 9

Kichwa ya ule mutoto haipandi, haishuki. Ungeweka bakuli ya maji juu yake, haingemwagika. Kati ya kiunzi na kiunzi, hatua tatu. Kila mara tatu. Hata vumbi ya malori haimubadilishie hesabu.

Bachimbaji banapita na mifuko yao, banakaa juu ya ukuta kumuangalia. Mumoja akaniuliza: "Tata, ulimuwekea resore, spiringi ya motokari, mu miguu?"

Nikasema: "Nilimuwekea mbili. Moya ni ya akiba."

Ngoie aliniambia mi mujomba yake: "Tonton, hii biunzi naona kama iko juu kidogo."

Nilimujibu nimepima. Makumi munane na ine, sawa vile mwenyewe alisema. Ni miguu yake imefupika juu ya mikate ya Ulaya. Alicheka, akarudi kwenye mustari. Hakuuliza tena.

Jumapili, tarehe 19

Ameenda. Kiwanja iko wazi. Nimechoka kama mi njo niliruka.

Akiwa na miaka kumi na moya aliuzaga mandazi sokoni. Alikuwa anaruka mitaro na beseni juu ya kichwa, na hakuna andazi ilianguka. Bantu nabaambiaga ilikuwa mandazi mia tatu. Ilikuwa labda makumi tatu.

Mashindano yake ya kwanza ya inje, alianguka kwenye kiunzi ya sita. Uso chini. Alisimama, damu mu meno, akaruka ine ya mwisho peke yake wakati benzake balikuwa bamekwisha kufika. Nililia mbele ya televizyo. Nilisema ni vumbi ya barabara ya Fungurume.

Alhamisi, tarehe 23

Dada amepiga simu. Mambo mabaya.

Kocha wa Ngoie, mama mumoja mukali sana, anasema mutoto anaruka juu sana. Anakawia mu hewa. Anafikiri nyonga inamuuma na anaficha. Siku ya Jumatano atakata shauri: kama haibadilike, atamutoa mu biunzi, akimbie mia mbili tu. Mia mbili iko na wasichana kumi ya kumushinda. Biunzi njo maisha yake.

Kocha alimuuliza ulikuwa unafanya nini kule kwenu. Ngoie akajibu: nilikuwa naona familia. Basi. Biunzi yangu hakuitaja.

Bukari, ugali yetu, nimeiacha mu sahani.

Ijumaa, tarehe 24

Nimeenda kiwanjani na metre yangu ya kukatika. Imeonyesha mia moya na ine. Toa kumi. Makumi kenda na ine.

Nimepima zote munane. Zote makumi kenda na ine. Kazi safi, hakuna hata moya imepita ingine.

Ni metre ya Tata Kalenga. Ni ya uongo. Nimeenda kumuambia mbele ya bibi yake wa ndoa. Aliitoa mu sanduku, akaiangalia, akairudisha.

Jumamosi, tarehe 25

Nimeshika telefone mara tano. Nimeiweka mara tano. Kama nasema, muji muzima itajua. Kama nanyamaza, mutoto anaenda kukimbia mia mbili juu ya heshima yangu.

Sikuunga chuma hata moya.

Jumapili, tarehe 26

Kisha misa nimemutumia kocha ujumbe ya sauti. "Mama kocha, mi ni mujomba ya Ngoie, mufundi wa biunzi. Mutoto haumwi. Biunzi ya huku iko makumi kenda na ine. Nilifanya makusudi. Ni metodi ya Katanga: ruka mulima, kisha kilima utaona kama barabara."

Nimesema metodi. Mudomo ilijisemea yenyewe.

Jumatano, tarehe 29

Amebaki mu biunzi. Kocha alimushushia biunzi chini ya kawaida siku mbili, miguu isahau Kolwezi, kisha akairudisha. Leo ameruka vizuri. Kocha anasema ile metodi asiisikie tena maisha yake yote.

Nimekula bukari ya bantu babili.

Jumamosi, tarehe 1 mwezi wa munane

Finale ya Afrika. Bar ya kona ilijaa, bamoja balisimama juu ya makreti. Ngoie mustari ya tano. Kiunzi ya tatu aliigusa na kisigino, bar muzima ikashika kichwa. Hakuyumba. Tatu, kiunzi. Tatu, kiunzi. Chini, karibu kabisa na ubao ya kiunzi, kama kisu inakata mukate.

Wa pili. Afrika muzima, na mbele yake kuko mwanamuke mumoja tu.

Balinibeba. Balinipa jina Tata Metodi. Tata Kalenga naye alinipa mukono. Mukono yake nilishindwa kuishika muda murefu.

Jumatatu, tarehe 3

Ngoie alipiga simu asubuhi. Sauti imechoka, sauti ya furaha. "Tonton, bakiniuliza nasema ni metodi. Lakini mwaka kesho metre nitashika mi."

Anajua. Alijua tangu siku ya kwanza, na aliruka siku kumi bila kunipatisha haya.

Kisha mwalimu wa parokia alikuja. Anataka biunzi kumi ya bana-masomo yake, batoto badogo. Anataka metodi: makumi kenda na ine. Nimemuambia batoto badogo hapana, nitabatengenezea ya chini.

Nimeenda kwa Tata Kalenga kuazima metre yake tena. Alinipa. Bibi yake alitabasamu.

Nimekata ya kwanza pole pole. Nimepima mara tatu.

Ile metre haina uongo. Inaanzia zero, sawa metre yote ya dunia. Kwa biunzi ya Ngoie, sawa nazoea, niliongeza kumi.