Kichaka cha Bustani ya Nyahururu

Kwa mjukuu wangu Akinyi,

Hapa mtaani Lindi sote tuko salama. Babu yako, kaka yangu mkubwa, anakusalimu. Bado anacheka kwamba nina miaka kumi na sita na tayari ni nyanya ya mtu.

Unasema baridi ya Nyahururu imeua maua yako mara mbili, na sasa unataka kung'oa bustani yote. Ngoja kwanza. Mwaka jana nilinunua ua jekundu kando ya barabara, nikalipanda kwenye gunia mlangoni. Likakauka. Jirani yetu, Mama Auma, akapaza sauti: "Nyanya mzima! Kwani uliliuliza kwao ni wapi?"

Niliona haya. Jioni nikatembea kando ya reli. Vichaka visivyomwagiliwa na mtu vilikuwa vikiyumba taratibu, kama vinaota ndoto.

Asubuhi yenye baridi kali, toka utazame ni kichaka gani cha porini kimebaki kibichi, kisha upande hicho. Kitabu cha maktaba kinataja leleshwa, yenye majani ya kijivu yanayonukia. Mimi sijawahi kuiona. Ikishika mizizi, nitumie jani moja, niliweke kwenye ukurasa wake kitabuni.

Nyanya yako,
Adhiambo