Ua Nyuma ya Motakaa

Jumamosi, mwaka wa tatu tangu reli ifike Dodoma. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu nao hauna raha.

Leo nimenusurika hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano, kwa sababu ya neno moja dogo!

Juzi Bwana Mjerumani anayesimamia barabara aliniita nikaione motakaa yake mpya, iliyoletwa kwa gari moshi. Nikaizunguka, mimi fundi seremala niliyejifunza kazi Bagamoyo. Viti vyake kama kochi la sebuleni. Taa zake za shaba, utadhani kuna harusi. Nikajua aliyeitengeneza naye ana macho, ametazama vitu vizuri vya kwao akavitia humo. Ila nyuma, lo! Ubao mtupu kama sanduku la sabuni.

Bwana akagonga pale nyuma, akasema, "Fundi, weka hapa ua kubwa."

Nilifurahi kupita kiasi. Kwetu pwani mlango una maua, kitanda kina maua. Motakaa ikose kwa nini? Siku mbili nimechonga mninga, ua la majani manane, kama lile la mlango wa marehemu babu. Sijawahi kuchonga zuri kama lile.

Asubuhi hii Bwana akaja na masanduku yake. Akatazama huku na huku. "Ua iko wapi?"

"Ndilo hili, Bwana."

Uso ukamwiva. Kumbe alitaka ua wa kuzuia mizigo isianguke njiani! Sasa mtu akitaka ua wa kuzuia, si aseme "ua mkubwa"? Yeye kasema "ua kubwa", na ua kubwa ni la kunusa. Lakini nani atamsahihisha Mzungu Kiswahili chake, na askari amesimama pale na kiboko mkononi? Si mimi. Niliogopa, nakiri.

Bwana alipitisha kidole kwenye lile ua, jani kwa jani, polepole. Nikadhani ataliacha. Kisha akasema ling'olewe, na ua wa mizigo uwe tayari kabla ya alasiri, la sivyo hamsa ishirini.

Nilimaliza. Motakaa imeondoka na fito zake, nami nikarudi nyumbani na ubao wangu kwapani.

Nikamsimulia mke wangu, Mama Zuhura, nikitaka anionee huruma. Yeye ni Mgogo wa Miyuji, Kiswahili amejifunzia kwangu, na nimemcheka sana kwa makosa yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Zuhura," akasema, "mwaka wa pili huu nakwambia uweke ua kubwa nyuma ya nyumba, mbuzi wanapotea. Mbona mimi hukuniletea la kunusa?"

Nikaliweka lile ua chini.

Kweli, yeye nilimwelewa. Siku zote nilimwelewa, nikacheka, nikaenda zangu kazini.

Hivi ninavyoandika yuko nje, anafukuza mbuzi wasile uwele ulioanikwa. Kesho sigusi kazi ya mtu. Najenga ua, na kwenye mlango wake napigilia lile ua langu la majani manane. Yeye akiuita ua kubwa, basi ndivyo utakavyoitwa.