Shairi kwa Siku, Mpaka Nusra Ajibu

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Naam, siku thelathini. Ndivyo nilivyomjibu rafiki yangu Mukhtar leo hapa gatini Mokowe, aliponiuliza kama nimerukwa na akili. Shairi moja kila siku. Nalisoma kwa sauti, nalirekodi kwa simu, namtumia mke wangu Nusra huko kwao Faza. Bila mzaha hata mmoja.
"Wewe Barka? Bila mzaha? Siku tatu hufiki."
Niliishia darasa la tano. Nauza chaja, miwani ya jua, sambusa, na abiria akitokea nambeba kwa pikipiki. Kusoma kwangu ni kama kusukuma gari bovu. Lakini kosa ni langu. Nusra alinambia kwa siri anataka kurudi shule afanye mtihani wa fomu four. Nikaifanya kichekesho mbele ya abiria — eti nitamfungia uji kwa chupa nimpeleke hadi darasani. Gati zima likacheka. Yeye akapanda boti.
Kakake Uthman amesema mwisho wa mwezi wanakuja wazee. Wakija wazee si kunywa kahawa, ni kudai talaka.
Aliacha daftari hili. Mbele amenakili mashairi ya marehemu nyanya yake. Nyuma kurasa ni tupu, ndimo naandika.

Jumatano, 3 Septemba
Siku tatu. Mukhtar kaninunulia chai, uso kaukunja. Tiki za bluu zipo. Nusra anasikiliza. Hajibu.

Alhamisi, 11 Septemba
Kumi na moja mfululizo! Sikujua naweza kitu kwa siku kumi na moja isipokuwa kula.
Ila huyu nyanya alikuwa mkali. Leo nimesoma hivi, kwa heshima zote:
Mume wangu namshika
Kwa nazi ninampika
Nimeanza kumuogopa marehemu. Nimesoma hadi mwisho, sikucheka. Nimetuma.

Ijumaa, 12 Septemba
AMEJIBU. Nilikuwa natoka msikitini, viatu mkononi, simu ikalia. Sauti yake. Kwanza hasemi — anacheka. Anacheka mpaka anakohoa. Halafu:
"Barka, nyanya hakumpika mtu. Mistari haishuki tini kama ngazi. Inavuka. Soma kushoto, uvuke kulia, ndipo ushuke."
Nimefungua daftari. Kweli, kila ukurasa una safu mbili. Mimi siku zote hizi nashuka ya kushoto hadi chini, kisha ya kulia. Kumbe ni:
Mume wangu namshika, kwa upole na imani
Kwa nazi ninampika, samaki wa mtungoni
Samaki! Nimekaa juu ya pikipiki nikisoma tena na tena. Miaka minne namchekesha kwa nguvu. Leo nimemchekesha bila kutaka, na ndiyo raha kubwa kuliko zote.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimefanya ujanja. Nimesoma vibaya makusudi ili ajibu tena. Kajibu: "Usinifanye mjinga." Basi.
Nimesoma upya, sawasawa. Nikaongeza kwa maneno yangu: nisamehe kwa ile siku ya uji. Tiki za bluu tu.

Jumatatu, 22 Septemba
Bi Fahima, mteja wangu wa sambusa, kanikuta nafanya mazoezi. "Hebu soma, baba, tusikie." Nikasoma. Wapakiaji mizigo wakasogea. Rufus, askari wa kutoka bara, kazima redio yake. Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Bi Fahima kajifuta macho kwa pembe ya buibui.
Kuchekesha watu nimezoea. Kuwanyamazisha sijawahi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.
Nilimtumia Nusra. Kaandika neno moja: "Vizuri." Nimelisoma mara nyingi kuliko shairi.

Jumanne, 30 Septemba
Thelathini! Nimemaliza! Mukhtar kanipa mkono mbele ya watu.
Ujumbe wa Nusra wa alfajiri: "Nakuja na boti ya asubuhi. Uthman yuko nami." Hakusema wazee. Hakusema hawapo.
Naandika nimesimama gatini. Boti imefika. Nusra aliondoka na begi la bluu. Akirudi nalo, amerudi kukaa. Hivi sasa kamba inafungwa. Uthman ameshuka kwanza, begi la bluu kalishika yeye. Lakini halitui chini. Anamngojea dadake, na dadake amesimama ndani ya boti, ananitazama naandika.
Nusra, daftari ni lako. Leo utalichukua, ubaki au uondoke, na najua huachi karatasi bila kuichungulia. Basi nakupa biashara. Wewe rudi shule. Uji nabeba mimi, kwa chupa, hadi mlangoni, na atakayecheka acheke. Malipo yangu ni wewe kunisahihisha shairi moja kila jioni. Nimetunga hili mwenyewe, mizani nimehesabu kwa vidole. Kipande cha kushoto ni changu. Ukikubali, vuka kulia ujaze:

Nusra darasani nenda, ........................