Gari la Sifuri

Jumamosi, 30 Machi

Gwilym kaleta gari. Hata kuniuliza hakuniuliza! Alisema anakwenda Briton Ferry kutazama tu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, mume wangu hajawahi kwenda mahali kutazama tu. Saa tisa nikasikia honi mlangoni. La kijivu, limekaa juu juu. Na ni la otomatiki! Huyu huyu anayesema otomatiki ni za wavivu na wachungaji. Nikamuuliza imekuwaje. Umri, akasema. Ana miaka hamsini na sita!

Nikashuka kuliona. Nilisimama kidogo kwenye ngazi kunyoosha picha ya harusi ya binti yetu Nerys, huwa inapinda. Kisha nikalizunguka gari mara mbili. Safi mno. Miaka mitatu, limetumiwa na mtu mmoja, maili chache. Bei kama ile lazima kuna kitu. Usukani una alama mbili ndogo, kama palifungwa kitu kikaondolewa. Nikamwonyesha. Akatazama kwingine.

Angalau nitafika kazini. Shule inafunguliwa Jumatatu ya tarehe nane. Tangu gari la zamani life gia na basi la asubuhi lifutwe, nimekuwa naomba lifti kama msichana. Watoto mia na arobaini hawajipikii wenyewe.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Nyama ya kondoo, viazi, mchuzi wa mnanaa. Bakuli la mchuzi limevunjika, mikono ilikuwa na sabuni. Gwilym akazoa vipande bila kusema neno. Simpendi akiwa hivyo. Mtu akinyamaza ana jambo lake.

Nikamuuliza habari ya kodi ya barabara. Usijali, Eirlys, ni sifuri. Sifuri! Gari la petroli! Nikamwambia labda la malaika. Akasema muuzaji ndiye aliyemwambia, na huyo muuzaji ana watoto wanne na anaimba kwaya. Basi, kama anaimba kwaya!

Jumanne, 2 Aprili

Nimejua!

Alipokwenda kunyolewa nikafungua bahasha ya gari. Mle ndani: cheti cha ukaguzi, kile kipande cha kijani anachopewa mnunuzi, na karatasi ya muuzaji. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo: Aina ya kodi — MLEMAVU.

Kumbe lilikuwa la ule mpango wa magari ya walemavu. Mtu anakodishiwa miaka mitatu, halafu linauzwa. Ndiyo hiyo sifuri! Sifuri ilikuwa ya mwenyewe, na mwenyewe alipoliachia akaondoka nayo. Nikaingiza namba mtandaoni: HALIJALIPIWA KODI. Yaani Jumamosi Gwilym aliliendesha bure bure kutoka Briton Ferry, na zile kamera za barabara kuu! Nikajaribu kulipa mwenyewe. Mtandao ukakataa. Gari la walemavu likipata mmiliki mpya lazima aina ya kodi ibadilishwe kwanza, na hilo linafanyika kwenye kaunta ya posta. Kaunta ya posta ni ya Delyth Probert. Ukimwambia Delyth saa nne, saa tano kanisa zima linajua.

Gwilym aliporudi nikamwekea karatasi mezani. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Akasema tu, "Kwani ni lazima tubadilishe?"

"Nyumba hii haina mlemavu, Gwilym."

Akatoka kwenda kumwagilia nyanya. Mvua inanyesha!

Anataka kuiba kodi. Mume wangu! Kama yule bwana wa supamaketi mwenye kibandiko cha buluu cha kuegesha nafasi za walemavu, anaegesha mlangoni kabisa kisha anatembea kama askari. Nilimwambia usoni mwaka jana. Alinijibu kwamba kuna siku nzuri na siku mbaya. Wote husema hivyo.

Jumatano, 3 Aprili

Gwilym kajitolea kwenda posta mwenyewe. Kachukua kipande cha kijani na cheti, kakaa saa nzima, karudi na vyote viwili mkononi. Foleni, anasema. Foleni gani Jumatano mchana kwa Delyth? Labda ya njiwa.

Jioni Nerys kapiga simu. Gwilym kaichukua, kaenda kuongea bandani. Nimefungua dirisha la jikoni. Nilisikia "bado sijamwambia" na "mama yako unamjua". Halafu mlango wa banda ukafungwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo hakwenda. Kesho, anasema. Zimebaki siku nne.

Mguu wa kushoto mzito. Ni mshipa wa kiuno, kila mtu nimemwambia hivyo. Barua ya hospitali ya Januari iko chini ya vitambaa vya meza na itakaa hapo hapo.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika nikiwa chooni, mlango nimeufunga kwa komeo.

Nilikwenda kulipekua gari. Ndiyo, kulipekua! Nilitafuta jina la mtu, risiti, nywele, sijui nini. Katika kisanduku cha mbele nikakuta kitabu cha maombi cha serikali, kile cha posho ya walemavu. Juu yake jina langu. Bi Eirlys Beynon. Ndani, karibu kila jibu limeshaandikwa kwa penseli, kwa mwandiko wa Gwilym. Na chini yake daftari dogo, la penseli pia.

Naye anaandika tarehe!

"Jmosi 30. Ngazi dakika nne. Alisema ananyoosha picha." "Jpili 31. Bakuli. Mkono wa kushoto haukushika. Alisema sabuni." "Jnne 2. Vifungo vya blauzi vimemshinda, kavaa sweta juu." Kurasa na kurasa, tangu Januari. Wiki kumi na mbili mtu ananitazama nikila, nikivaa, nikishuka ngazi, halafu anakwenda kuniandika kwa siri kama polisi! Na mimi nilidhani ninayemchunguza mwenzangu ni mimi.

Nikamrushia daftari jikoni. Nilimwambia maneno. Nilimwambia, "Umeniuza kwa sifuri!"

Akakaa. Akasema gari la otomatiki halihitaji mguu wa kushoto. Kwamba viti vya juu ni rahisi kukaa na kuinuka. Kwamba barua ya hospitali aliiona Januari ile ile, na muuguzi ndiye aliyemwambia aandike siku nzuri na siku mbaya, kwa sababu mimi mwenyewe nikiulizwa husema sijambo. Maombi ni yangu, sahihi ni yangu, bila mimi hayaendi popote. Na muda wa kuyarudisha unakwisha wiki ijayo.

"Sasa kodi umeiacha kwa nini?"

"Niliogopa. Nilidhani gari likishatolewa kwenye orodha ya walemavu halirudi tena. Nikaenda kumuuliza Delyth."

Delyth! Kamuuliza Delyth!

Hivi ndivyo ilivyo, na niandike mara moja tu: ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, na daktari alisema neno "polepole" mara tatu. Nimekasirika mpaka meno yananiuma. Naona aibu pia. Sijui nimkasirikie nani.

Kesho nakwenda posta mwenyewe. Kwa miguu. Nitalipa kodi kamili kama mtu yeyote, na Jumatatu nipo kazini.

Jumamosi, 6 Aprili

Naandika nikiwa posta, kwenye kiti. Kitabu hiki natembea nacho sasa, kwenye mkoba. Penseli za nyumba ile siziamini tena.

Nimeondoka saa nne na nusu. Gwilym alisimama mlangoni, akasema ngoja nikusindikize, nikamwambia thubutu! Kutoka kwetu mpaka hapa ni mita mia tatu, walipima watu wa baraza la mji walipoweka bomba jipya. Nimefika saa tano na dakika kumi. Nilipumzika kwenye ukuta wa majirani, akina Pugh, kwenye sanduku la mchanga wa kumwaga barabarani wakati wa barafu, kisha nikasimama dirishani kwa muuza samaki nikatazama samaki mpaka nikawajua kwa sura. Sipendi samaki.

Hapakuwa na foleni. Nikaweka kipande cha kijani na cheti kwenye kaunta. Nikasema kwa sauti, wasikie wote, naomba kulitoa gari hili kwenye walemavu, liwe la mtu binafsi, la kawaida.

"Sawa, mpenzi," Delyth akasema. Akabonyeza bonyeza. "Na likihitaji kurudi huko, unaniletea tu cheti cha posho, dakika tano. Nilimwambia Gwilym hivyo hivyo. Maskini, alisimama hapo anafuta miwani saa nzima."

"Halitahitaji."

"Sawa, mpenzi. Weka sahihi."

Kalamu ikaniponyoka. Nikaiokota. Ikaniponyoka tena. Sahihi ilipotoka haikuwa yangu, kama kuku kapita juu ya karatasi. Nikasema kalamu zenu mbovu. Delyth akaigeuza karatasi upande wake, akagonga muhuri. Kisha akatoka nyuma ya kioo. Sijawahi kumwona Delyth akitoka nyuma ya kile kioo, sikujua ni mfupi hivyo. Ameshika kiti.

"Kaa, Eirlys."

"Nani kakuambia? Gwilym?"

"Gwilym aliniuliza habari za gari tu, hakutaja mtu. Macho ninayo, mpenzi. Unapita dirishani kwangu kila wiki, tangu kabla ya Krismasi. Kule shuleni unafikiri nani anakubebea masufuria makubwa? Yanajibeba?"

Nikafikiri. Kweli. Tangu mwezi wa kumi na moja masufuria makubwa nayakuta yameshapandishwa jikoni. Nilidhani wenzangu wa jikoni wananifitini, wanataka kazi yangu. Niliandika humu majina yao!

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa hutaki tujue," Delyth akasema. Akarudi kumhudumia mzee aliyekuja na kifurushi.

Sasa ni saa sita na robo. Anafunga na nusu. Risiti ninayo hapa: mtu binafsi, imelipwa. Kuanzia dakika hii gari linaruhusiwa kwenda popote. Mimi nimejaribu kuinuka kwenye hiki kiti mara tatu.

Nimempigia Gwilym. Sikumweleza kitu, nimesema tu njoo na gari. Akauliza, "Nije mpaka mlangoni kabisa?" Nje mlangoni kuna nafasi moja tu, ile iliyochorwa rangi ya njano, yenye picha ya kiti cha magurudumu.

Yuko kwenye laini bado. Anasubiri nimjibu.