Fungua Kinywa Ninuse

Kaka yangu Hamisi,

Huko uliko hakuna mizani, ndiyo maana sikuulizi hali. Nakuandikia kwa sababu mwanao Zuhura, uliyeniachia, ameanza kuteswa kwa jambo lilelile lililokumaliza, na hapa Mutakura sina wa kumwambia anayelijua kama wewe.

Unakumbuka Ramadhani zetu. Ulishinda ukibeba magunia ya unga kwenye depo, kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, bila tone la maji, na mwili wako mnene haukupungua. Kwa Mama hilo lilikuwa na maana moja tu: unakula kwa kujificha. Kila jioni kabla ya adhana alikusimamisha mlangoni.

"We Hamisi, fungua kinywa ninuse."

Na wewe, mtu mzima mwenye ndevu, uliinama ukafungua.

"Mama, mi sijakula kitu."

"Apana. Mwili huo hautoki kwa hewa."

Majirani walicheka, nawe ukacheka nao. Siku moja tukila bugali na ndagala, ugali wetu na dagaa wa ziwani, uliniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, kushiba kunakuwaje?" Nilidhani unatania.

Zuhura naye anamaliza sahani, macho yanabaki kwenye sufuria. Nilimpeleka kwa daktari mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud. Akanieleza kwamba ubongo unatengeneza protini inayosaidia seli zake kukua, na protini hiyohiyo inasaidia kupeleka habari kwamba tumbo limetosha. Maelekezo ya kuitengeneza tunayarithi kwa wazazi. Kwa watu wengine yana tofauti ndogo sana, na habari ya shibe huenda ikafika hafifu; mtu wa namna hiyo hunenepa kwa urahisi zaidi. Akanionya nisikimbilie kuamua: tofauti hiyo peke yake si hukumu, vyakula na maisha navyo vina sehemu yao, na kipimo chenyewe hakukifanya, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba ndiyo mliyonayo wewe na mwanao. Lakini neno uroho, alisema, tulitoe nyumbani.

Nilitoka pale na hasira, Kaka, na ninayo mpaka sasa. Ulikuwa na sukari, miguu imevimba, na hukwenda hospitali kwa sababu huko nako wangekupandisha kwenye mizani wakuseme. Uliogopa kusemwa kuliko kufa. Na siku ya kukuzika, mmoja wa waliobeba jeneza alihema akasema, "Huyu alikula." Wenzake wakacheka kidogo, palepale makaburini.

Nilimweleza Mama yote ya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hayo ni maneno ya wasomi. Kufuli alilotia kwenye kabati la chakula kwa ajili ya Zuhura halikutoka.

Sasa Ramadhani imeingia tena, na Zuhura, kwa miaka yake tisa, amefunga kwa hiari yake. Jana alirudi kutoka shule, akavua viatu, akamwendea Mama moja kwa moja. Mama alikuwa ameketi anachagua mchele, hakuwa amesema neno. Mtoto akapiga magoti mbele yake, akafungua kinywa kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Nilikiziba kwa kiganja changu kabla Mama hajainua uso. Pumzi iliyonigusa ilikuwa ya mtu aliyefunga tangu alfajiri, ileile ya kwako.

Mungu akupe huko shibe ambayo hapa hukuionja.

Mimi mdogo wako,
shangazi yake Zuhura