Mkono wa Kujifunzia

Mume wangu kipenzi,

Mwanao sasa hivi ameivuta saa ya dada mwanafunzi, ile inayoning'inia kifuani, akacheka. Hajacheka tangu tulazwe. Nimeona lazima nikuandikie.

Huyu dada bado anasomea unesi, yuko wodini kwa mazoezi. Sista mkubwa aliniomba ruhusa binti huyu amwekee mtoto sindano ya dripu. Nikaona bado hajui pa kuchoma, nikasema, "Ajaribu kwangu kwanza." Sista akacheka, "Mama, wewe wa ajabu! Wenzako wanakimbia sindano." Lakini akakubali, akamsimamia, kidole chake juu ya kidole cha binti: "Usikimbilie, mwanangu. Papasa kwanza." Basi usishtuke ukiniona nina mabaka mkononi. Siku hizi mtoto hata halii akichomwa na huyu dada.

Ila mishipa yake inazidi kujificha, na daktari anasema dawa haimsaidii tena. Aliniambia nikuite. Sikumuuliza kwa nini, nawe usiniulize. Omba ruhusa kazini uje. Njoo na lile shati lako la kazi, usilifue, mtoto anaitafuta harufu yako.

Dada naye alimsikia daktari, akajificha stoo akalia. Sista akamfuata: "Lia, kisha unawe uso urudi. Mtoto amekuzoea wewe." Akarudi.

Mimi bado naamini atapona. Nimeacha nafasi hapa chini nichore kiganja chake, uone kilivyo. Dada ananiita kwa kelele toka kitandani kwa mtoto, "Mama, njoo! Njoo umshike!" Ngoja kidogo, nikirudi nita—