Figa la Tatu

Dada yangu,

Eti huwezi kubeba jiwe moja kuwapelekea "washamba wa mlimani"! Msomi mzima! Nilikueleza: huku bibi harusi hupewa mafiga mawili, na la tatu huletwa na ndugu yake. Bila hilo sipiki, na mama mkwe hunikaribisha mezani kama mpita njia.

Mume wangu, jua langu, akasema, "Mpenzi, nitakuokotea lolote mtoni." Nikakataa. Nikamsomea mama mkwe barua yako, akacheka: "Na huyu ndiye aliyesoma?"

Baki na kiburi chako. Kabla mwezi haujaisha tutashuka wawili, mimi na mume wangu, tung'oe figa moja katika jiko la marehemu mama unalopikia, nawe ubaki na mawili.

Mdogo wako, mke wa mtu